Radi ya Walungu inaonekana kutoka angani, dereva wa Burhale haambiwi

WALUNGU – Kila mwaka mvua zinaporudi mwezi wa Septemba, barabara ya kitaifa namba 2 kati ya Bukavu na Kamituga inageuka kuwa kijiji kirefu cha magari. Fuso iliyobeba bia na unga inazama kwenye tope, ya nyuma yake inasimama, ya tatu inaunga foleni, na jioni ikiingia watu wanawasha moto kando ya magurudumu na kupika. Dereva analala kwenye kabini. Msaidizi wake anapanda juu ya mizigo na kujifunika turubai. Abiria, mara nyingi mama mwenye biashara ndogo na mtoto mgongoni, anatafuta nafasi chini ya gari. Usiku mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa wiki.

Ukiwauliza watu hao kesho asubuhi hali ya anga itakuwaje, watainua macho kuelekea milima ya Mwenga na kujibu: "Mungu ndiye anajua."

Mungu anajua, hakuna ubishi. Lakini si Yeye peke yake. Satelaiti zinajua. Ofisi za hali ya hewa za nchi jirani zinajua. Kinshasa ipo idara ya serikali, Mettelsat, ambayo kazi yake ni kujua. Asiyejua ni yule tu anayelala nje. Na hilo si jambo la Mungu. Ni jambo la watu wenye majina, vyeo na mihuri, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Huko Marekani watu wanaovuta nyumba ndogo nyuma ya gari na kwenda kulala porini kwa starehe hawaachwi hivi hivi. Tangu 2012, kukiwa na kimbunga au mafuriko ya ghafla yanayokuja, simu yoyote iliyoko eneo hilo inaweza kulia yenyewe kwa mlio wa hatari, bila mwenye simu kulipa wala kujiandikisha. Mtu yuko likizo, amelewa usingizi, na bado anaamshwa. Msaidizi wa dereva aliyelala juu ya magunia pale Burhale hayuko likizo. Yuko kazini. Simu yake nayo inalia usiku, lakini ni kumwambia anunue wimbo wa kuitikia simu.

Nafasi ya pili duniani

Wengi hapa wanaona radi kama jambo la kawaida, kwa sababu wamezaliwa nayo. Si jambo la kawaida. Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani, baada ya kusoma picha za satelaiti za miaka 16, kuanzia 1998 hadi 2013. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa mimweko karibu 233 kila mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Nafasi ya pili, na ya kwanza Afrika nzima, ni eneo walilolitaja kwa jina la Kabare: mimweko 205. Ya tatu ni Kampene, Maniema. Ya tano ni Sake, Kivu Kaskazini.

Kabare ni jirani wa Walungu. Mvua inayovuka milima ya Kahuzi haisimami kwenye mpaka wa usultani kuomba ruhusa ya kuingia Ngweshe.

Sababu yake haina siri. Hewa yenye unyevu mwingi inatoka magharibi, kwenye msitu mkubwa wa Kongo. Inafika kwenye ukuta wa milima ya Mitumba, inalazimika kupanda, inapoa, inatengeneza mawingu marefu. Upande wa mashariki ziwa Kivu nalo linaongeza upepo na unyevu wake. Ndiyo maana asubuhi inaweza kuwa na jua safi, watu wakaanika maharagwe, na alasiri anga likapasuka.

Na jambo la kuumiza zaidi ni hili. Desemba 2022 nchi za Ulaya zilirusha satelaiti mpya ya hali ya hewa yenye chombo cha kuhesabu radi, usiku na mchana, juu ya Ulaya na Afrika yote. Iko umbali wa kilomita karibu 36,000. Kutoka huko, mmweko mmoja juu ya Kahuzi unaonekana. Kutoka ofisini, Bukavu au Kinshasa, mpaka kwenye sikio la dereva wa Burhale, habari hiyo hiyo inashindwa kutembea. Umbali wa kilomita 36,000 umeshindwa na sayansi. Kilomita 40 na kitu kati ya Bukavu na Walungu zimeshindwa na uzembe.

Orodha ambayo kila mtu anaijua

Haiwezekani kusema kwamba Kivu Kusini haijapewa somo. Imepewa mara nyingi, na kila somo limelipiwa kwa maisha ya watu.

Aprili 2020, mto Mulongwe uliingia ndani ya Uvira usiku. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya familia walibaki bila nyumba. Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo, mvua kubwa ilimwaga maji ndani ya mashimo ya dhahabu ya Kamituga, mahali panapoitwa Detroit, na wachimbaji wapatao 50 wakahofiwa kufia chini. Mei 2023 ilikuwa zamu ya Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe: watu zaidi ya 400 walizikwa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mei 2025 ikawa Kasaba, wilaya ya Fizi, ambako maji yalikuja usiku na viongozi walitangaza vifo zaidi ya 100.

Mara nne, na mara zote hadithi inafanana. Mvua nyingi juu mlimani. Watu wengi chini, wamelala au wako sokoni au wako shimoni. Na kati ya mlima na bonde, kimya.

Kisa cha Kalehe kinastahili kusimuliwa polepole. Usiku wa Jumanne tarehe 2 kuamkia Jumatano tarehe 3 Mei 2023, mvua iliipiga Rwanda ya magharibi, ng'ambo ya ziwa. Watu zaidi ya 130 walikufa, na Jumatano hiyo habari ilizunguka dunia nzima. Mtu aliyesimama kwenye ufuko wa Nyamukubi anatazama milima ya nchi hiyo kwa macho yake. Alhamisi tarehe 4 ilikuwa siku ya soko la Nyamukubi. Watu walitoka vijijini, wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi kuleta bidhaa. Jioni, mito ilishuka na mawe na miti na nyumba.

Wataalamu watasema mvua ya Jumanne si ile ya Alhamisi. Ni kweli, na hakuna mtu aliyeweza kusema saa ngapi jiwe gani litashuka. Lakini udongo ulikuwa umeshiba maji, mawingu ya msimu yalikuwa bado juu ya ziwa lile lile, na watu 130 wa jirani walikuwa wameshakufa. Je, hayo hayakutosha mtu mmoja kusimama na kipaza sauti na kusema: wiki hii soko lisikae kando ya mto? Kati ya msiba wa Rwanda na msiba wa Kalehe ulipita karibu mchana na usiku wa siku mbili. Hiyo si ghafla. Siku mbili ni muda wa kutosha kuondoka Nyamukubi kwa miguu.

Visingizio vinne

Kila jambo hili linapotajwa, majibu ni manne, na yanapaswa kujibiwa moja moja.

La kwanza: "Ni mapenzi ya Nyamuzinda." Wanaosema hivi kanisani Jumapili ndio hao hao wanaofunga mlango kwa kufuli usiku. Kama mwizi anafungiwa mlango bila imani kupungua, mvua nayo inaweza kutangazwa bila mtu kukufuru. Nuhu mwenyewe alipewa taarifa mapema, akapewa na vipimo vya safina.

La pili: "Radi inatumwa." Huyu ni adui mkubwa kuliko radi yenyewe. Radi ikiua mtu, badala ya kuuliza alikuwa amesimama wapi na nani angemwonya, watu wanatafuta nani alikuwa na ugomvi naye. Kivu Kusini imeshaona wazee, hasa akina mama, wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Hivyo msiba mmoja unazaa wa pili. Mahali penye mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba, mchawi angehitaji kufanya kazi bila kulala. Anayeamini uchawi anampa kiongozi mzembe zawadi kubwa: kosa linatoka ofisini na kuhamia kwa bibi kizee asiye na wa kumtetea.

La tatu: "Wazee wetu walijua kusoma anga." Walijua kweli, na ujuzi wao usidharauliwe. Mzee wa Kaziba anayejua kwamba mto ukipungua ghafla wakati mvua inanyesha kuna kitu kimeuziba huko juu, anajua jambo ambalo wanasayansi nao wanalifundisha. Lakini mzee huyo anasoma anga la kijiji chake. Dereva aliyetoka Bukavu asubuhi hajui milima ya Kilungutwe. Mchimbaji aliyetoka Kabare kutafuta dhahabu Mukungwe hajui kijito kipi kinaua. Aliyekimbia vita hajui hata jina la kilima anacholala chini yake. Ujuzi wa wazee ni wa mtu aliyekaa mahali pamoja. Kizazi hiki kinalala njiani.

La nne ndilo linalosemwa na wakubwa: "Kuna vita, hali ya hewa itasubiri." Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23, na mapigano yamepita ndani ya Walungu kwenyewe. Hakuna anayekataa uzito wa jambo hilo. Lakini ni vita hivyo hivyo vilivyowatoa watu kwenye nyumba za matofali na mabati na kuwaweka chini ya turubai. Wakati watu wengi zaidi wanalala nje, ndipo taarifa ya mvua inahitajika zaidi, si kidogo zaidi. Na kila upande unaojiita mamlaka unakusanya kodi kwa jina la mamlaka. Anayechukua kodi ya mtu amechukua na jukumu la kumwonya. Radi haiulizi mtu anatawaliwa na nani.

Maskini wengine wameweza

Kisha linakuja lile neno la mwisho, "hakuna pesa". Nalo lina jibu.

Mwaka 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Nchi hiyo haikuwa tajiri, na baada ya hapo ilipita kwenye vita. Hata hivyo ilijenga jeshi la watu wa kujitolea, vijiji kwa vijiji, wenye bendera, redio na vipaza sauti vya mkononi. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba kabla ya upepo. Vimbunga havikukoma, lakini leo kimbunga kikubwa kinachopiga pwani hiyo kinaua makumi ya watu, si mamia ya maelfu. Kipaza sauti na baiskeli vilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Karibu zaidi na hapa, kwenye ziwa Victoria, idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ziliungana katika mradi ulioitwa HIGHWAY, kuanzia 2017, ili mvuvi apate utabiri wa sehemu yake ya ziwa kabla hajasukuma mtumbwi. Utabiri ule ulipitia redio za wenyeji, kwa lugha zao, na kwa viongozi wa mialo. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia Tanzania, idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo ilitangaza siku kadhaa kabla, vivuko vya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa, watu wakabaki nyumbani. Kimbunga kilifika Mafia tarehe 4 Mei na kupoteza nguvu. Wapo waliolalamika kwamba walipoteza siku ya biashara. Malalamiko hayo ni ya watu walio hai.

Umoja wa Mataifa nao uliahidi mwezi Machi 2022 kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani atakuwa amefikiwa na tahadhari ya mapema. Kila mtu. Msaidizi wa dereva juu ya magunia ya unga amehesabiwa humo, au "kila mtu" ina maana nyingine huko New York?

Bariera zinajua kuongea

Kinachokasirisha ni kwamba njia ya kupitishia habari ipo tayari, na inafanya kazi vizuri kuliko posta.

Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani karibu 800 katika Kivu mbili. Dereva wa RN2 hafiki kwenye bariera bila kujua inamsubiri. Amepigiwa simu na mwenzake aliyetangulia: pale wako wangapi, wanataka ngapi, nani mkali leo. Habari ya franga 5,000 inatembea kutoka Kamituga mpaka Bukavu ndani ya dakika chache, hata mahali penye rezo ya kubahatisha, kwa sababu kila mtu kwenye mnyororo ana faida nayo.

Basi mnyororo upo. Watu wapo. Simu zipo. Kinachokosekana ni sentensi moja ya kweli ya kuutia mnyororo huo kila alasiri: kwamba mawingu makubwa yanakuja kutoka Shabunda na Mwenga, kwamba leo usiku asilale mtu chini ya ukingo, kwamba mto fulani umejaa. Sentensi hiyo inapaswa kutoka kwa mwenye satelaiti na kwenda kwa mwenye turubai.

Na vizuizi vyenyewe? Kila bariera ina mtu wa kupokea pesa. Ni ipi yenye mtu wa kusema, "Mzee, mbele kunanyesha, lala hapa"? Kama kamba inaweza kuinuliwa kwa ajili ya noti, inaweza kushushwa kwa ajili ya maisha.

Kila mmoja na deni lake

Mettelsat na wanaoisimamia wanadaiwa kutamka majina ya mahali. Utabiri unaosema "mvua na radi mashariki mwa nchi" hauna faida kwa mtu yeyote, kwa sababu mashariki mwa nchi mvua na radi zipo karibu siku zote kuanzia Septemba hadi Mei. Itajwe Ngweshe, itajwe Kaziba, itajwe Burhinyi, na saa.

Wanaotawala, wa kila upande wa mstari wa mapigano, wanadaiwa kuiacha habari ya mvua ipite. Mtu anayebeba tangazo la mafuriko asihesabiwe kuwa mpelelezi.

Makampuni ya simu yanadaiwa zaidi ya wote kwa sababu yana uwezo zaidi ya wote. Yanajua simu ipi iko chini ya mnara upi. Yanatuma matangazo ya michezo ya bahati nasibu kwa maelfu ya watu kwa pamoja. Kutuma neno la bure, kwa Kiswahili na Mashi, kwa walio chini ya minara miwili au mitatu, si muujiza.

Redio za hapa zinadaiwa dakika mbili saa kumi na moja jioni, kabla watu hawajachagua pa kulala, si baada ya taarifa ya habari ya usiku wakati betri zimezimwa. Redio imefanya kazi kubwa ya kutangaza majina ya waliokufa. Itangaze pia, kabla, majina ya mito.

Wenye magari na PDG wa mashimo ya dhahabu wanadaiwa kama waajiri. Mwenye Fuso anampigia dereva mara tano kwa siku kuuliza mizigo imefika wapi. Simu ya sita iwe ya mvua. PDG anayejua bei ya dhahabu ya asubuhi anaweza kujua pia anga la mchana, na kuwatoa watu shimoni kabla maji hayajaingia. Dhahabu itabaki pale pale chini, mchimbaji akitoka hai atairudia.

Mashirika ya misaada nayo hayako nje ya hesabu. Familia iliyokimbia inapewa turubai, ndoo, sabuni na blanketi, na inawekewa alama mahali pa kusimika. Kumpa mtu turubai chini ya anga lenye radi nyingi namna hii bila kumpa redio ndogo, na bila kumwambia kwamba turubai halizuii radi, ni kumpa nusu ya msaada.

Usiku wa leo

Wadaiwa hawalipi siku ile ile wanayodaiwa. Kwa hiyo anayelala nje usiku huu asisubiri. Yapo mambo ambayo hayahitaji kibali cha mtu yeyote.

Kabini ya gari iliyofungwa, yenye paa na kuta za chuma, inamlinda mtu na radi, kwa sababu umeme unapita kwenye chuma cha nje na kuingia ardhini. Si matairi yanayomlinda, kama wengi wanavyoamini. Madirisha yafungwe, na mikono isishike chuma. Lakini juu ya mizigo, chini ya turubai, hakuna ulinzi wowote, na kujificha chini ya gari au chini ya mti si kimbilio. Radi ikianza, dereva amwite msaidizi wake na yule mama na mtoto wake waingie kabini. Kabini ikibana, ibane. Heshima ya dereva haipungui kwa kubanana na watu walio hai.

Ukiona mmweko, hesabu mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu 30 au chini yake, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, maana wengi wanapigwa wakidhani imekwisha.

Gari lisilale kwenye daraja, wala kwenye mkondo uliokauka, wala chini ya ukingo wenye nyufa mpya au miti iliyoanza kuinama. Maji ya kijito yakibadilika ghafla kuwa tope, au yakipungua huku mvua inanyesha, watu waondoke hapo hapo, waache sufuria. Na katika kila foleni ya magari, mtu mmoja abaki macho kwa zamu, mwenye simu yenye chaji, ampigie aliye mbele na aliye nyuma. Mnyororo wa bariera uanze kubeba na mvua.

Vyama vya madereva vinaweza kuanza hilo bila semina na bila mfadhili. Mapadri na wachungaji wa Burhale, Nzibira na Mugogo wanaweza kutoa kengele zao. Vijiji vinaweza kuchagua vijana wawili wenye sauti kubwa. Ndivyo walivyoanza wa Bangladesh.

Lakini mtu asije akasema kwamba maskini wakijipanga wenyewe basi wakubwa wamesamehewa. Siku gari litakapofunikwa na ukingo pale kwenye tope, watakuja viongozi na mikoba ya rambirambi, watapiga picha, na mmoja wao atasema kwamba hakuna aliyeweza kujua. Siku hiyo waulizwe swali moja tu, tena mbele ya kamera zao: satelaiti iliona saa ngapi, na nyinyi mlimwambia nani?